Aliyekawia Kulia

Asubuhi ya sikukuu ya chama, Fabien Gasore alikuwa bado anashona vifungo. Wanawake wa kikundi cha animasiyo, wale wanaocheza na kuimba mbele ya wakubwa, walikuwa wakipita kuchukua nguo zao mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na lalamiko lake: huyu kiuno kimembana, yule mkono umetoka mfupi. Fabien, mita yake ikining'inia shingoni, alimjibu kila mmoja jibu lile lile, kwamba akianza kucheza nguo itamkaa yenyewe. Kibaraza chake karibu na soko la Baraka kilikuwa kimejaa vipande vya kitambaa cha kijani chenye picha ya mkono ulioshika mwenge. Hata chini ya cherehani palikuwa na mienge.

Alipomaliza na yule mteja wa mwisho, akasikia anaitwa kutoka ndani.

"Fabien."

"Niko nakuya."

"Usiseme niko nakuya. Kuya!"

Alimkuta mkewe Adolphine amesimama katikati ya chumba, ameshika nguzo ya kitanda kwa mikono miwili, sakafu ya udongo ikiwa imelowa miguuni pake. Pembeni alisimama Mukabera, mama yake Fabien, aliyekuwa ameteremka kutoka milimani na kibuyu cha siagi kwa ajili ya uzazi huu. Mukabera alizungumza na mwanawe kwa lugha ya kwao huko juu, lakini alipotaka mtaa mzima usikie alisema Kiswahili. Sasa alisema Kiswahili.

"Maji imetoka! Weye unasimama kama mubuyu? Kimbia ulete muzalishaji!"

"Mama, leo ni sikukuu. Bote biko ku uwanja. Hata muzalishaji iko nacheza."

"Umufate kule kule ku michezo yake."

Adolphine akainua uso. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, lakini alijaribu kucheka. "Umwambie Mama Émilienne mutoto huyu haana kadi ya chama. Haitangojea hotuba."

Fabien akatoka mbio. Jirani yao Marthe, ambaye goti lake bovu lilimwokoa na gwaride, alikuwa ameketi mlangoni akichambua dagaa. Akamwuliza kuna nini. Fabien akaonyesha nyumba tu kwa kidole. Marthe akasukuma ungo pembeni, akainuka, akaenda kwa Adolphine akichechemea.

*

Uwanja wa mpira ulikuwa umezungushiwa kamba. Ng'ambo ya kamba, chini ya turubai, waliketi wakubwa wa wilaya pamoja na Commissaire, mkubwa wa serikali aliyekuja na gari kutoka Uvira. Katikati ya uwanja wanawake wa animasiyo walikuwa wamejipanga mistari mitatu, wanacheza, wanaimba, vumbi linapanda mpaka magotini. Upande mmoja watumishi wa serikali walisimama wakingoja zamu yao ya kuandamana.

Penye kamba alisimama Casimir, mkubwa wa chama wa mtaa wao, ndani ya abacost ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, ambayo Fabien mwenyewe aliishona. Jua lilikuwa limeshamtesa. Alimtazama Fabien kifuani, mahali pa beji ya chama.

"Citoyen, insigne yako iko wapi?"

"Nimeisahau ku shati ingine. Bibi yangu iko nazala. Natafuta Mama Émilienne."

"Nani?"

"Mama Émilienne. Muzalishaji wa materinite."

Casimir aligeuka akawatazama wakubwa kuona kama wamesikia, kisha akamrudia Fabien kwa sauti ya juu zaidi. "Citoyen, mu inchi hii haiko muntu wa jina kama ile. Majina ya bazungu ilishaisha. Sema jina yake ya authenticité, ya mababu."

Miaka yote aliyokaa Baraka, Fabien alikuwa amemwita yule mama Émilienne. Mtaa mzima ulimwita Émilienne. Watoto aliowazalisha walimwita Émilienne. Jina aliloandikiwa serikalini, Fabien hakuwahi kulisikia. Alitamani kumkumbusha mwenzake kwamba yeye naye alibatizwa Casimir, na kwamba mama yake mzazi hakumwita kwa jina jingine mpaka leo. Lakini alimeza mate, kwa sababu mtu mwenye haja ndiye anayemeza mate.

"Ni ule mama... munene kidogo."

"Bote ni banene kidogo."

"Iko na ngozi ya maji ya kunde."

Wanaume waliosimama karibu wakaanza kucheka. "Fundi anatafuta bibi wa pili!" mmoja akasema. "Na ule wa kwanza iko nazala!" akadakia mwingine, na kicheko kikaenea kando ya kamba. Fabien alihisi masikio yakimwaka. Angalau wangejua wanamcheka mtu gani. Wengi wao walivaa suruali zake.

Ndipo akaacha kutazama nyuso, akatazama migongo. Nyuso zilikuwa za watu wengi, lakini migongo yote aliishona yeye. Hii hapa ya mke wa mwalimu, bega limeinuka. Hii ya yule muuza mawese, mshono umepinda kwa sababu siku ile alikuwa na usingizi. Na kule mstari wa kati, mgongo uliofungwa kwa uzi wa buluu, maana uzi wa kijani ulimwishia na mwenye nguo akasema haidhuru, hakuna atakayemtazama mgongoni.

Fabien akainama, akapita chini ya kamba.

"Citoyen! Citoyen, rudia!" Casimir aliita, lakini kwa sauti ndogo, kwa kuwa Commissaire alikuwa anatazama upande huo.

Alipofika kati ya wachezaji, Fabien akang'amua kwamba mtu anayetembea tu katikati ya ngoma ya chama anaonekana kama mtu anayetaka kuivunja. Basi miguu yake ikaamua yenyewe. Akaanza kucheza. Alipiga hatua kulia walipopiga kulia, akazungusha kiuno walipozungusha, mita ikimrukaruka shingoni kama mkia, huku akisogea mbele kidogo kidogo kuelekea uzi wa buluu. Wanawake walimwona. Wengine wakashindwa kuimba kwa kucheka, wengine wakaimba zaidi ili kufunika vicheko vya wenzao. Chini ya turubai Commissaire alijipiga mapajani kwa viganja, akamwinamia jirani yake, akapiga makofi. Wakubwa wote wakapiga makofi. Na Casimir, alipoona makofi yanatoka juu, akapiga na yeye.

Mama Émilienne aligeuka kwenye zamu ya kugeuka, akakutana na fundi wake uso kwa uso.

"Fabien! Ulilewa?"

"Adolphine. Maji imetoka."

Hakuacha kucheza, lakini uso wake ulibadilika pale pale. "Uchungu iko karibu karibu?"

"Sijui. Mama alisema nikimbie."

"Na weye unacheza?"

"Nifanye namna gani, Mama? Banangaliya."

Mama Émilienne alimnong'oneza mwenzake wa kushoto, akamnong'oneza wa kulia. Kwenye ubeti uliofuata, mstari ulifunguka kidogo, fundi na mkunga wakatoka nao wakicheza, wakazunguka, wakapita nyuma ya wacheza ngoma, na mstari ukajifunga tena. Walipofika penye miti waliacha kucheza, wakaanza kukimbia.

"Kifuko yangu iko ku disipansari," Mama Émilienne alisema akihema. "Chombo ya kupulizia batoto, makasi, yote. Funguo iko na muganga."

Waligeuka wote wawili. Muganga, kwa mbali, alikuwa amekwisha kuingia uwanjani mbele ya watumishi wa afya, kifua mbele, ameshika bendera kwa mikono yote miwili.

"Tumwache," mkunga akasema. "Tutafanya na vile viko mu nyumba."

*

Vilivyokuwamo katika nyumba ya fundi ni wembe, uzi, sabuni, na pasi ya makaa. Mama Émilienne alitia wembe na uzi katika sufuria ya maji yanayochemka, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakunja nguo yake ya mienge akaifunga kiunoni. Alimpima Adolphine, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mutoto iko hapa hapa. Mlifanya vizuri kunifata. Fabien, toka inje. Ile pasi yako, weka makaa. Unipikie vitambaa."

"Nikupikie?"

"Upashe moto! Vitambaa safi, bikavu, bya moto. Mutoto anatoka mahali pa joto."

Fabien alikaa kibarazani akapiga pasi kanga mbili za mkewe, zilizofuliwa kwa ajili ya siku hii, akazikunja, akazipitisha ndani kwa mkono pembeni mwa pazia. Kisha hakuwa na kazi. Akapiga pasi mita yake. Kutoka uwanjani zilisikika ngoma, na kutoka ndani ilisikika sauti ya Mukabera ikimtia moyo Adolphine kwa lugha ya milimani, ile sauti ambayo Fabien aliijua tangu utotoni, mama yake alipokuwa akimbembeleza ng'ombe anayezaa. Hakuthubutu kumwambia mkewe jambo hilo.

Adolphine alipiga ukelele mmoja mrefu. Marthe akasema, "Njo ile! Njo ile!" Fabien akasimama.

Alingoja kilio cha pili, kile chembamba. Hakikuja.

Mtu anaweza kungoja kitu kwa miezi, kisha akashindwa kukingoja kwa muda wa kumeza mate. Fabien alisikia maji yakimwagwa, nguo ikisuguliwa haraka haraka, kitanda kikilia. Ngoma za uwanjani ziliendelea. Kisha sauti ya Adolphine, iliyochoka, iliyo chini kabisa.

"Mbona haiko nalia?"

Nguo ikaendelea kusuguliwa.

"Mama Émilienne. Mbona mutoto haiko nalia?"

"Mpigeni maji ya baridi!" Mukabera akasema. "Mushike miguu, mumugeuze kichwa chini, mumupige! Kwetu tunafanya vile."

"Apana, Mama." Sauti ya mkunga ilikuwa tulivu, lakini haikuacha nafasi. "Baridi itamumaliza. Shika kanga hii, umupanguse miguu na mugongo. Kwa nguvu, lakini usimuumize. Njo hivyo. Marthe, fungua dirisha nione. Fabien! Kitambaa ingine ya moto!"

Fabien aligeuka. Kanga zote zilikuwa ndani, na zote zimelowa. Katika kibaraza kizima, kitambaa safi kilichobaki kilikuwa mabaki ya chama: vipande vizima, vya kijani, ambavyo Casimir alikuwa amevipima kwa mkono wake na kusema atavirudia jioni bila kupungua. Fabien alikitazama kimoja. Wakati ule watu walikuwa wamefungwa kwa kukanyaga kitambaa kama kile. Alikitazama kwa muda wa kufumba jicho, kisha akakitandika juu ya meza ya pasi, akakipiga pasi, akaingia nacho ndani.

*

Desturi ya kwao haikumruhusu mwanamume kuingia mle, lakini siku hiyo hakuna aliyemfukuza. Mtoto alikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, ambayo waliiingiza ndani asubuhi. Alikuwa mtoto wa kike, mkubwa, mzima wa viungo, na hakuwa na uhai wowote uliokuwa ukionekana. Mikono yake ilianguka pembeni kama mikono ya nguo isiyovaliwa. Rangi yake ilikuwa ya majivu yaliyolowa.

"Kitovu ilimuzunguka shingo," Mama Émilienne alisema bila kumtazama. Alipokea kitambaa, akamfunga mtoto, akaacha kifua wazi. Sehemu iliyobaki ya kitambaa aliikunja, akaiweka chini ya mabega, kichwa kikarudi nyuma kidogo, kama mtu anayenusa hewa. Alipitisha kidole kilichofungwa kitambaa kinywani mwa mtoto, akatoa ute. Akasugua mgongo. Akagonga nyayo. Kisha akasema, "Fabien, kuya hapa. Uko na vidole vya fundi. Shika kitovu pale chini, karibu na tumbo. Inapiga?"

Fabien alishika. Kilikuwa kinateleza, cha uvuguvugu. Kwanza hakusikia kitu. Kisha, kwa mbali, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ya pili, akasikia pigo. Akangoja. Likaja jingine.

"Inapiga, Mama. Lakini polepole. Polepole sana."

"Basi mutoto iko. Mukono ingine, gonga ku meza vile unasikia, nami nitajua."

Fabien akaanza kugonga meza kwa kidole, pigo kwa pigo. Mama Émilienne akainama, akafunika pua na kinywa cha mtoto kwa kinywa chake mwenyewe, akapuliza. Hakupuliza kwa kifua, kama mtu anayewasha moto. Alipuliza kwa mashavu tu, pumzi ndogo ya kuzima mshumaa. Kifua kidogo kikainuka. Akainua kichwa, kikashuka. Akapuliza tena.

Meza iligongwa. Kimya. Ikagongwa.

"Mungu wangu," Mukabera alisema kwa lugha yake, akiendelea kusugua miguu ile midogo, na baada ya hapo hakusema neno jingine kwa sauti, bali midomo yake haikutulia.

"Niambieni," Adolphine alisema kitandani. Marthe alikuwa amemshika mikono asiinuke. "Fabien, niambie."

"Roho inapiga," Fabien alisema. Hakuweza kugeuka kumtazama. "Sikia. Ni mimi niko nagonga vile inapiga."

Adolphine akasikiliza meza.

Wakati huo huo pazia likafunguliwa kwa nguvu. Alikuwa Casimir. Alikuwa amewafuata kutoka uwanjani, uso umemvimba kwa jua na hasira, na maneno aliyokuja nayo alikuwa ameyapanga njiani.

"Citoyen Gasore! Na weye Citoyenne! Kuacha animasiyo mbele ya Commissaire! Na hii..." Macho yakamtoka. Alikuwa ameona kitambaa. "Hii ni mwenge wa chama munaf..."

Mukabera aligeuka. Alikuwa mwanamke mrefu, na mikono yake ilikuwa na damu ya uzazi mpaka kwenye viwiko.

"Weye," akasema, kwa Kiswahili cha kusikika na mtaa mzima. "Pasi iko pale mulangoni, makaa inazimika. Ipepee. Mutoto anataka kitambaa ingine."

"Mama, mimi nimekuya kwa kazi ya..."

"Ipepee!"

Casimir alimtazama. Akamtazama mtoto juu ya meza, akaona mikono ile iliyolala. Akatoka, na kwa mara ya kwanza tangu apewe ile abacost alipiga magoti chini, akafungua pasi, akapuliza makaa mpaka majivu yakamjaa kwenye nyusi. Kisha akaishika kwa mpini, akaanza kuibembeza huku na huku kama mtumishi wa kanisa anayefukiza ubani.

Ndani, Mama Émilienne alipuliza, akainua kichwa, akapuliza. Jasho lilimtiririka shingoni. Ngoma za uwanjani zilikuwa zimekoma, labda hotuba ilikuwa imeanza, na katika kimya hicho kila mtu alisikia kidole cha Fabien. Tena. Tena. Kisha kidole hicho, ambacho kilikuwa kinatembea, kikaanza kutembea haraka. Kikaanza kukimbia.

"Mama," Fabien alisema. "Mama, inaenda mbio!"

"Nasikia. Gonga tu."

Mtoto akashtuka. Ilikuwa kama kwikwi, kinywa kikafunguka kikafumba, basi. Mama Émilienne akasubiri, uso wake karibu na ule uso mdogo. Kimya. Akapuliza tena. Kwikwi ya pili, mbavu zikavutwa ndani. Halafu ya tatu, bila kupulizwa. Rangi ya pinki ikaanza kutokea kifuani, ikapanda shingoni, ikaenda kwenye midomo. Mguu mmoja ukamponyoka Mukabera mkononi, ukampiga teke.

Kisha mtoto akapiga chafya, na baada ya chafya akalia. Kilikuwa kilio kidogo, cha paka aliyelowa, chenye kigugumizi. Kikakatika, kikarudi kikiwa na nguvu zaidi, na cha tatu kilikuwa na ghadhabu.

Mukabera akapiga vigelegele mpaka kuku wa Marthe wakaruka ua. Marthe akapiga vyake. Adolphine alilia na kucheka kwa pamoja, mikono ameinyoosha hewani, "Mumulete, mumulete hapa," na Mama Émilienne akamlaza mtoto juu ya kifua chake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili. Fabien alibaki amesimama, kidole bado kinagonga meza tupu. Hakujua kwamba machozi yanamtoka mpaka yalipofika kwenye mita.

"Harufu gani hii?" Marthe akauliza.

Wote wakageuka. Kibarazani, Casimir alikuwa amesimama wima, kofia ameivua, kinywa kimeachama, anasikiliza kilio kile kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Pasi alikuwa ameiweka chini ili apige makofi. Aliiweka juu ya kitambaa cha chama. Moshi ulikuwa unapanda.

"Citoyen," Fabien alisema kwa upole, "kitambaa inaungua."

Casimir akaruka, akainua pasi. Katikati ya kijani palibaki tundu jeusi lenye umbo la pasi, na mwenge haukuwapo tena. Casimir alilitazama tundu, akatazama njia kama kuna anayepita, akatazama ndani.

Wa kwanza kucheka alikuwa Adolphine, ambaye hakuwa na nguvu za kucheka. Kisha Mama Émilienne, aliyekuwa ameketi chini. Kisha wote.

Casimir alikunja kile kitambaa, tundu likaingia ndani. "Kitambaa hii," akasema kwa sauti ya kikazi, "ilikuya na kasoro kutoka ku kiwanda. Nitaeleza vile." Akavaa kofia. Akafika mlangoni, akarudi. "Ni mutoto mwanaume?"

"Mwanamuke," Mukabera alisema.

"Ni muzuri," Casimir akasema, na aliposema hivyo majivu yakamwanguka kutoka kwenye nyusi.

*

Adhabu haikukosekana, kwani watu wengi waliwaona wakitoka uwanjani. Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma, fundi na mkunga walipewa majani yote yaliyozunguka nguzo ya bendera wayafyeke peke yao, watu waendao sokoni wakiwatazama. Baadhi walimwomba Fabien awachezee kidogo. Yeye alipiga panga, akawaambia mchezaji wa Commissaire hachezi bure. Kabla jua halijawa kali, wanawake wa mstari wa kati wakaanza kufika na majembe yao, mmoja mmoja, kana kwamba wanapita tu, na kazi ikaisha upesi. Casimir aliwaona. Akageuka, akasoma tangazo la zamani lililobandikwa ukutani mpaka walipomaliza.

Mama Émilienne alikuja kila siku kumtazama mtoto. Alimwangalia anavyonyonya, alimshika miguu kuona kama ina joto, alimfungua ngumi, akaziacha zijifunge tena. Akiwa pale aliwaonyesha Adolphine na Marthe, kwa kutumia mdoli wa kitambaa alioshonewa na Fabien kutokana na mabaki, namna ya kuweka kichwa na namna ya kupuliza kwa mashavu. Wanawake wa jirani wakaanza kuja kuona. Mukabera ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote katika masomo hayo. Mtu akitaja maji ya baridi, alimwuliza kama ametumwa na shetani. Yeye ndiye aliyempa mjukuu jina, Nyiransengimana, kwa sababu siku ile, alisema, alimwomba Mungu mpaka maneno yakamwisha, akabaki anamwomba kwa midomo mitupu. Siku hiyo hiyo ya jina alifunga kibuyu chake, akapanda zake milimani kwenda kutazama ng'ombe.

Wiki zilipita. Mchana mmoja wa joto, saa ile Baraka yote imejilaza, upepo wa ziwa umekufa na hata mbwa wamejificha chini ya meza za sokoni, Adolphine alikuwa anamwogesha mtoto nyuma ya nyumba. Mtoto hakutaka kuoga. Alilia kilio cha kupasua, kilicholivuka soko, na hakuonyesha dalili ya kuchoka.

"Baba Nyira!" Marthe alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ua. "Batu banalala! Mumuzibe kinywa ule mutoto!"

Mteja aliyekuwa anangoja suruali yake kibarazani akaziba masikio, akacheka. "Fundi, kweli. Nguvu yote hii inatoka wapi?"

Mguu wa Fabien ulikuwa umesimama juu ya pedali, sindano imekaa ndani ya kitambaa. Hakuwa anasikiliza kilio. Alikuwa anasikiliza mahali ambapo kilio kinakatika, pale mtoto alipomaliza sauti yote na bado hajaanza nyingine, na kila kilipokatika, Fabien naye aliacha kupumua. Kisha kutoka nyuma ya nyumba hewa ikavutwa ndani, kwa nguvu, kwa uchoyo, na kilio kikaanza upya.

"Suruali inakuya sasa hivi," akamwambia mteja, akakanyaga pedali.